Jezi za Kipindi cha Pili

Kipindi cha kwanza timu yetu ilikuwa haifungwi. Hilo kila mtu wa kiwanda cha magodoro alilijua, na hata wapinzani wetu walilikubali bila ubishi. Tulikuwa tunacheza mpaka watu wa kiwanda cha misumari wanashika viuno, mpaka wa kiwanda cha biskuti wanaanza kugombana wao kwa wao. Tunakwenda mapumziko tunaongoza. Halafu tukirudi uwanjani, basi tena. Mabeki wanatembea kama watu wanaotafuta funguo walizodondosha. Washambuliaji wanapewa mpira, wanautazama. Mechi sita tuliongoza, na mechi hizo hizo sita tukafungwa.

Wengine walisema ni pumzi. Wengine wakasema chakula cha kantini kinalaza. Fundi mitambo mmoja aliapa kwamba goli la upande wa choo lina mkosi, ingawa tulikuwa tunafungwa vilevile tukilinda goli la upande wa barabara. Mimi nilikaa kimya. Kazi yangu ilikuwa kufua jezi, na mfua jezi haulizwi mambo ya mpira.

Ila jezi zilikuwa zinaniambia kitu.

Kiwanda kilinunua seti mbili: za bluu zenye mikono mifupi na za njano zenye mikono mirefu. Timu nyingine wangevaa moja wiki hii na nyingine wiki ijayo. Kocha wetu akaamua za bluu ziwe za kipindi cha kwanza na za njano za kipindi cha pili. Alisema mchezaji akivua jezi yenye jasho akavaa kavu, anasahau kwamba amechoka. Kwa hiyo kila mechi nilikuwa na mafurushi mawili, na kila Jumapili asubuhi nilikuwa na mabeseni mawili.

Sasa fikiria umekaa na mabeseni mawili ya watu walewale, waliocheza uwanja uleule, siku ileile. Beseni la bluu, maji yanageuka rangi hata hujatia sabuni. Tope kifuani, tope mgongoni, majani yameng'ang'ania mbavuni. Beseni la njano, maji yanabaki maji. Kifua safi, mgongo safi, ungedhani zimevaliwa na watu waliokwenda kupiga picha. Ila mikono sasa. Kuanzia kiwiko mpaka pindo, mikono ilikuwa imekakamaa kama imepakwa gundi.

Wiki ya kwanza nikasema mafua. Wiki ya pili nikasema mafua yanazunguka. Wiki ya tatu nikaichukua jezi namba tano, ya nahodha, nikaipeleka dirishani kwenye mwanga. Mwenye mafua hufuta pua tu. Hapa palikuwa na alama mbili, moja ya pua, na nyingine juu yake kidogo, pana, yenye chumvichumvi. Mtu huyu alikuwa amelia. Tena alikuwa amelia kwa nafasi.

Nahodha wetu tulimwita Nondo. Alikuwa mpakiaji. Anabeba magodoro manne ya watu wawili kichwani, anapanda nayo kwenye lori huku anapiga mluzi. Nikaitazama ile jezi, nikajiuliza, nani wa kumliza Nondo?

Mechi iliyofuata sikukaa kwenye benchi na mafurushi yangu. Mapumziko yalipofika nikalibeba furushi la njano mwenyewe mpaka chumba cha kubadilishia nguo, nikaligawa, kisha sikuondoka. Nikasimama mlangoni kama mtu anayesubiri kurudishiwa mfuko.

Chumba chenyewe kilikuwa stoo ya zamani nyuma ya goli. Kuta za tofali zisizopigwa lipu, dirisha moja la wavu, mabenchi mawili, na ndoo ya maji yenye kikombe kimoja kilichofungwa kamba ili kisitembee. Katikati alisimama kocha, ambaye ni Baba Mdogo wangu, mdogo wake marehemu baba. Ndiye aliyenilea na ndiye aliyenitafutia hiyo kazi ya jezi.

Siku za kazi Baba Mdogo yuko kwenye mashine ya kukata sponji. Mashine hiyo ina kelele kiasi kwamba kwa miaka kumi na tisa watu wa pale wanaongea naye kwa vidole. Akirudi nyumbani, Mama Mdogo ana habari zake za kutwa nzima, hamwachii nafasi. Mahali pawili tu duniani ndipo watu walipokuwa wanamsikiliza: msibani na mapumziko. Msibani hakuwa na mpinzani. Mtu akifariki mitaa mitatu kutoka kwetu, watakuja kumwomba akatoe neno la shukrani kwa niaba ya familia, hata kama marehemu hakumjua. Akisimama, hata wale waliokuja ili waonekane tu, nao watalia. Ndiyo sababu alipewa ukocha. Walisema mtu wa namna hiyo ataiwasha timu.

"Vijana wangu," alianza kwa sauti ya chini. "Tunaongoza. Vizuri. Lakini naomba niulize. Nani kati yenu ana mama?"

Wote wakanyoosha mikono, na wa akiba pia.

"Na nani ambaye mama yake hayupo tena?"

Mikono ikashuka. Ukabaki wa kipa.

Baba Mdogo akamsogelea, akamwekea kiganja begani. "Kipa. Siku mama yako anakuzaa, alijua kwamba leo utaidaka ile kona?"

"Hakujua," kipa akasema. Kidevu kilishaanza kucheza.

"Hakujua. Lakini alikubeba hivyohivyo. Na leo umeidaka kweli, mwanangu. Na hakuwepo kuiona."

Kipa akajifuta na mkono mrefu wa njano, akaujaza wote. Baba Mdogo hakuishia hapo. Akamgeukia winga, akamwambia mbio hizo anazokimbia leo, iko siku miguu hiyo itafunikwa blanketi, na mtoto wake atamuuliza, hivi Baba uliwahi kukimbia kweli? Akawauliza mabeki kama wanafahamu kwamba mmoja wao atamzika mwenzake. Nondo yeye hata hakupewa neno lake binafsi. Alilia kwa ajili ya wote, kwa zamu.

Refa akapuliza filimbi. Baba Mdogo akatoka, uso unang'aa kama wa mtu aliyetoka kuoga.

"Umewaona?" akaniambia. "Nimewagusa. Leo wanatoka na moto!"

"Moto, Baba?"

"Mtu akishalia vile hana tena cha kuogopa."

Nikawatazama wakitoka. Beki wa kulia na beki wa kushoto walikuwa wameshikana mikono. Siku hiyo tulifungwa matatu, na bao la pili liliingia kipa akiwa anatazama mawingu.

Jumatatu yake Bosi akaja kwenye mashine ya sponji. Bosi wetu ni mama mfupi, mwenye kiwanda, na maneno yake ni ya kupima. Akazima mashine mwenyewe. Watu wote wakageuka, maana ukimya pale ndani ni kitu cha kutisha.

"Jumamosi mnacheza na sabuni," akamwambia Baba Mdogo. "Mkifungwa, kocha ni yule mtu wa stoo."

Akaiwasha mashine, akaenda zake.

Mtu wa stoo alikuwa kijana aliyejifunza ukocha kwenye simu. Alikuwa na ubao wa kuchorea mishale, na filimbi tatu zinazoning'inia shingoni kwa mpigo. Hatukujua ya tatu ni ya nini.

Jioni ile Baba Mdogo hakumaliza sahani yake. Alitoka uani, akaanza kwenda na kurudi kati ya ukuta na kamba ya nguo, midomo inacheza, mkono mmoja umeinuka. Nikamjua. Alikuwa anatunga. Alikuwa anaandaa hotuba kali kuliko zote, ya kuokoa ukocha wake, na hotuba hiyohiyo ndiyo ingemnyang'anya.

Nikamfuata Mama Mdogo jikoni. Alikuwa anachambua mchele.

"Mama Mdogo, hivi hotuba za Baba..."

"Usinianzie," akasema. "Unajua mimi aliniposaje? Alikuja na mshenga. Mshenga hakupata nafasi ya kusema. Huyu bwana alizungumza saa nzima. Mimi nikalia, mama yangu akalia, mshenga mwenyewe akalia. Wote tukakubali. Kesho yake naamka, najiuliza, hivi jana nimekubali nini?"

"Sasa wachezaji nao ndivyo wanavyokuwa. Wakishalia hawachezi. Mwambie basi."

"Nimwambie mimi? Mwanangu, mimi nalala naye chumba kimoja. Mwambie wewe, una chumba chako."

Kesho yake nikiwa bombani wakaja Nondo, kipa na winga. Wakasimama mstari mmoja kama wanaokwenda kupimwa.

"Dada," Nondo akaanza, "tunaomba Jumamosi umcheleweshe kocha. Mapumziko. Dakika kumi na tano tu."

"Nimcheleweshe vipi?"

"Mfungie chooni," akasema winga.

"Nimfungie chooni Baba yangu?"

"Kwa upole," winga akasema.

"Nyinyi ni wanaume wazima. Kwa nini msimwambie wenyewe kwamba anawaliza?"

Wakatazamana.

"Tulimwambia," Nondo akasema.

"Akasemaje?"

Kipa ndiye aliyejibu, macho chini. "Alitujibu vizuri sana. Tukalia."

Ijumaa mchana nikamwita Baba Mdogo uani. Nilikuwa nimeziacha kusudi jezi mbili za namba tano bila kuzifua, ya bluu na ya njano, nimezitandaza juu ya benchi. Nikamwomba azishike. Yeye ni mtu wa vidole. Sponji akiibonyeza mara moja anakuambia imekatwa saa ngapi. Akaishika ya bluu, tope likamdondokea viatuni. Akaishika ya njano. Vidole vikateremka kwenye mkono, vikafika kiwikoni, vikasimama.

"Hii ni nini?"

"Machozi, Baba. Na vinginevyo."

"Najua wanalia. Ndiyo kazi yenyewe."

"Ndiyo, Baba. Sasa tazama kifua. Tazama mgongo. Hakuna hata mmoja aliyeanguka. Zote ziko hivi, si ya Nondo peke yake." Nikamgeukia. "Baba, wewe umezika watu wengi. Umewahi kumwona mtu anatoka makaburini anakimbia?"

Akataka kujibu. Nikaona neno linakuja, limefika mdomoni, halafu likarudi. Akakaa juu ya benchi, juu ya ile jezi ya tope, na hakujali.

"Mechi sita," akasema.

"Sikusema ni zote, Baba."

"Zote sita nimezifunga mimi. Watu wa misumari hawakutufunga. Aliyetufunga ni mimi." Akaikunja ile ya njano taratibu, kama nguo ya mtoto. "Basi. Kesho sisemi neno."

Nilitakiwa kufurahi. Lakini alikuwa ameshika jezi vile, mabega yameshuka, na akaniuliza bila kunitazama, "Kwenye mashine hawanisikii. Hapa nyumbani unapajua. Nikikaa kimya na pale pia, nitakuwa nani?"

Nikachukua beseni.

Jumamosi asubuhi mvua ilinyesha, ikaacha madimbwi manane uwanjani, niliyahesabu. Watu wa sabuni walivaa kijani. Mtu wa stoo alikuja na ubao wake, akakaa karibu na benchi letu bila kuitwa. Kipindi cha kwanza tukacheza kama kawaida yetu, yaani vizuri. Winga akafunga dakika ya thelathini. Tukaenda mapumziko moja bila.

Nikagawa furushi la njano, nikarudi mlangoni. Baba Mdogo akaingia. Hakusimama katikati. Alikwenda kwenye kona, akageuza kreti ya soda, akaikalia. Akatoa mfukoni karatasi ya hotuba yake, akaifungua, akaikunja, akairudisha. Akatazama sakafu.

Dakika ya kwanza wachezaji walikunywa maji kwa furaha. Nondo alinikonyeza. Dakika ya pili kikombe kikaanza kupita polepole.

"Kocha," winga akasema, "vipi?"

Baba Mdogo akatikisa kichwa tu.

"Amekasirika," mtu akanong'ona.

"Hajakasirika. Mtazame vizuri. Anajua anaondoka."

"Yaani anatuaga?"

"Anatuaga," kipa akasema, na kidevu kikaanza. "Jamani, kocha anatuaga, na neno lenyewe limemkwama kooni!"

Nimehudhuria misiba mingi na Baba Mdogo, lakini sijaona hotuba iliyoliza watu kwa kasi kama ule ukimya. Beki wa kushoto alipiga magoti kabisa. Namba nane aliuficha uso ndani ya kola. Baba Mdogo akaniangalia kutoka kule kwenye kreti, mikono imefunguka, kama mtu aliyefunga bomba na maji bado yanatoka. Hakuwa amesema kitu! Nondo naye akauinua mkono wake, ule mkono mrefu wa njano nilioufikicha jana yake mpaka ngozi ya vidole ikachubuka, akaanza kuupeleka puani.

Hapo nikapandwa na hasira.

"Shusha!" nikasema.

Wakageuka wote. Mimi sina sauti kubwa. Hata mimi nilishangaa ilikotoka.

"Namba tano, shusha mkono huo. Wote shusheni! Mnajua nani anafua hizi jezi?"

"Wewe, dada," Nondo akasema.

"Mimi. Sasa sikilizeni, maana hamjawahi kuambiwa. Tope linatoka. Unaloweka, unafikicha, unasuuza, limekwisha. Makamasi hayatoki. Makamasi yanahama! Yanatoka jezi hii yanakwenda ile. Wiki iliyopita nimefua jezi ya winga nikakuta makamasi ya kipa."

"Ulijuaje ni yangu?" kipa akauliza.

"Wewe unafuta kwa kushoto."

Mtu akacheka kwa pua.

"Nani anacheka? Namba nane? Wewe ndiye mbaya kuliko wote, wewe mikono haikutoshi, unamalizia na kola. Mimi nikija hapa na mafurushi mawili mnadhani nakuja kutembea? Nawaheshimu mama zenu wote, walioko na wasiokuwepo. Lakini leo sitaki mama wa mtu. Leo nataka tope! Nataka nikifungua hilo furushi kesho nisijue kama hizi jezi zilikuwa njano. Atakayeniletea safi ataifua mwenyewe, bombani, mchana, mbele ya mke wake."

"Mimi sina mke," akasema namba nane.

"Basi mbele ya wapakiaji wote."

"Hapana, dada, hiyo hapana," akasema Nondo, ambaye ni mpakiaji, na kwa mara ya kwanza nikawaona wanacheka huku macho bado yamelowa. Beki wa kushoto akajipangusa magoti, halafu akakumbuka, akayaacha na vumbi lake.

Filimbi ikalia. Wakatoka. Baba Mdogo alipita mbele yangu mdomo wazi kidogo, akaenda kukaa kwenye benchi.

Sijui kama niliwaeleza vizuri, au walielewa nusu. Kwa sababu Nondo, dakika ya kwanza tu ya kipindi cha pili, alichagua dimbwi kubwa kuliko yote, akateleza ndani yake kwa kifua.

"Namba tano!" refa akapiga kelele. "Mpira uko kule!"

"Najua!" Nondo akajibu, akainuka, akanitafuta kwa macho, akanionyesha kifua.

Wakaambukizana. Kipa alikuwa anaruka mipira inayopita mita tatu nje ya goli. Namba nane aliangushwa kidogo tu, akabingirika mara nne. Watu wa kijani hawakuelewa. Hawa si ndio waliambiwa kwamba kipindi cha pili wanalala? Kila wakipata mpira wanakuta watu wawili wa njano wanawajia kwa kuteleza, wanacheka. Nilimwona beki mmoja wa sabuni akipisha njia kwa adabu.

Lakini kutafuta tope nako kuna hasara zake. Zilipobaki dakika kumi na tano, Nondo aliona dimbwi ndani ya eneo letu la hatari, na mshambuliaji wa kijani alikuwa amesimama karibu nalo. Akawachukua wote wawili. Penalti. Ikaingia. Moja moja.

Uwanja ukapoa. Mtu wa stoo akafungua ubao, akachora mshale. Akamtazama Baba Mdogo jinsi mtu anavyotazama kiti ambacho kitakuwa chake. Mimi nilikuwa nimeshika kamba ya furushi, nikajikuta nimeizungusha kwenye kidole mpaka kimekuwa cheupe. Bao moja tu la sabuni, na Jumatatu Baba Mdogo anabaki na mashine yake na vidole.

Baba Mdogo alikuwa ameingiza ngumi mdomoni. Niliona anavyojizuia. Alikuwa na maneno, alikuwa nayo mengi, na kipa alikuwa pale karibu, angeweza kumwita tu. Kipa aligeuka kumtazama. Baba Mdogo akatoa ngumi mdomoni. Nikafumba macho.

"Simama katikati!" akasema. "Na usiruke ovyo!"

Basi. Maneno matano. Sikuwahi kumsikia akisema machache hivyo.

Dakika ya mwisho watu wa kijani wakapata kona. Mpira ukaja, kichwa kikaupiga, kipa akiwa amesimama katikati, hajaruka ovyo, ukamgonga kifuani ukamganda pale kwenye tope. Akaukumbatia, akaanguka nao, na mabeki wote wakamlalia juu bila sababu yoyote. Refa alisubiri kidogo, akaona hawainuki, akamaliza mpira.

Tukarudi chumbani. Hakuna aliyejua kama tushangilie. Mtu wa stoo naye akaingia, ameshika filimbi moja, nadhani ile ya tatu. Halafu Bosi akaingia na mwavuli wake, na benchi zima likasimama.

"Nilisema mkifungwa," akasema.

"Ndiyo, Bosi," Baba Mdogo akajibu.

"Mmefungwa?"

"Hapana, Bosi. Sare."

"Basi." Akamgeukia mtu wa stoo. "Wewe rudi stoo."

Nilidhani ataondoka, kama anavyoondokaga siku zote. Hakuondoka. Alisimama, anagongagonga ncha ya mwavuli kwenye sakafu.

"Kuna jambo," akasema. "Leo mapumziko nilisimama pale nyuma ya dirisha, kama kawaida."

"Kama kawaida?" Baba Mdogo akauliza.

"Sikusikia hotuba. Nimesikia habari za makamasi."

Nikatazama ndoo ya maji. Nilitamani kuingia ndani yake.

"Mechi zote nimekuja kwa ajili ya hotuba," Bosi akasema. "Mpira mimi siujui. Nikasema wakifungwa nitamtoa, maana watu wanalalamika. Leo nimekuja nikajua ni ya mwisho, nikaja na leso mbili. Nikapata makamasi." Akavuta pumzi. "Ulikuwa nayo?"

Baba Mdogo akagusa mfuko wa shati. Karatasi ikalia ndani.

"Ninayo, Bosi. Ila nimeahidi sitasema."

"Umemwahidi nani?"

Baba Mdogo akanitazama. Bosi akanitazama. Nondo na kipa na namba nane na wote waliobaki wakanitazama, na nyuso zao, jamani, walikuwa wanaitaka! Walewale waliotaka afungiwe chooni. Mpira ulikuwa umekwisha. Hakuna aliyetakiwa kukimbia popote mpaka Jumatatu.

"Atasema," nikasema. "Lakini vueni jezi kwanza."

Wakavua haraka kama wanaokwenda kuoga. Zilinirukia moja moja, nzito, rangi ya udongo, hata namba huzioni. Nikazifunga kwenye furushi, nikakaza fundo mara mbili, nikalikalia. Wakakaa kwenye mabenchi vifua wazi. Dirishani zikatokea nyuso mbili za watu wa kijani, kisha nne.

Baba Mdogo akasimama katikati. Akafungua karatasi, akaisoma kidogo, akaiweka pembeni.

"Hii niliandika kabla," akasema kwa ile sauti ya chini. "Nitazungumza habari za ile penalti. Nani kati yetu, katika maisha yake, hajawahi kumwangusha mtu ambaye hakukusudia kumwangusha?"

Nondo akainamisha kichwa. Kule dirishani mshambuliaji wa kijani, yuleyule aliyeangushwa, akavua kofia.

Bosi akavuta ile kreti ya soda, akaikalia, akaweka mwavuli chini na leso mbili mapajani.

"Polepole," akamwambia. "Usiruke kitu."